Kazi Ilivyohamia Sebuleni

Kufanyia kazi nyumbani hakukuletwa Kenya na korona. Hadi mwaka 2009 intaneti ya nchi hiyo ilitegemea zaidi setilaiti, ikawa ghali na ya kusuasua, na aliyetaka kutuma barua pepe alikwenda saiba akalipa kwa dakika. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Vijana wakaanza kupata kazi za ng'ambo: kunukuu sauti zilizorekodiwa, kuingiza data, kuandika makala. Mwaka 2016 serikali ilianzisha Ajira Digital, mpango wa kuwaunganisha vijana na kazi za mtandaoni. Hata hivyo, kijana aliyekesha kwenye kompyuta na kulala mchana alihesabiwa hana kazi. Mwenye kazi alionekana akitoka asubuhi, viatu viking'aa.

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa, Rais Uhuru Kenyatta alihimiza ofisi za serikali na kampuni ziwaruhusu watumishi wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu. Kwa karani wa Nairobi aliyezoea kudamka saa kumi na moja awahi matatu, nafuu ya kwanza ilikuwa barabara: nauli ilibaki mfukoni. Nafuu hiyo haikuwafikia wote sawa. Mwenye vyumba vitatu alifunga mlango akafanya kazi. Aliyepanga chumba kimoja alihudhuria mkutano akiwa kitandani, juu shati lililopigwa pasi, chini kaptula, maharagwe yakichemka pembeni, na bando likaisha zamu yake ya kusema ilipofika. Bando hilo, pamoja na tokeni za stima, alinunua mwenyewe. Si ajabu kwamba huyo ndiye aliyeitamani ofisi mapema.

Ofisi zilipofunguliwa, wengi walitaka mseto: siku kadhaa ofisini, zilizobaki nyumbani. Lakini kazi ya nyumbani ilikuwa na kero yake: simu za bosi saa tatu usiku. Mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada wa kumlinda mfanyakazi dhidi ya simu kama hizo, na Shirikisho la Waajiri Kenya likaupinga.

Siku hizi mwenye uzoefu anayetafuta kazi huuliza mapema atatakiwa ofisini siku ngapi. Anayeanza huiona ofisi kwa jicho jingine: kazi hujifunzwa kwa kuketi karibu na aliyetangulia, na stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, ofisi nyingi zina jenereta.