Ng'ombe wa Mjomba Hasomeki kwa Stetimenti

Juzi mjomba alinipigia simu kutoka Garsen. Binti yake amepata barua ya chuo kule Ujerumani, na mzee amefurahi hadi sauti inakatika. "Mwanangu, wanasema kusoma huko ni bure. Tutauza ng'ombe wawili wa tiketi, basi."

Nikanyamaza. Sikutaka kumkata stimu.

Sikieni wadau, hiyo bure ni nusu ya habari. Ni kweli vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi karo (ukienda jimbo la Baden-Württemberg, wewe Mkenya utalipa euro 1,500 kwa muhula). Lakini viza inataka uonyeshe hela za kuishi mwaka mzima. Kama huna ufadhili wala mdhamini, unaziweka kwa akaunti iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Hizo si ada, ni zako, ukifika unatolewa euro 992 kila mwezi. Ila lazima ziwepo zote kabla hujapanda ndege.

Tukapiga hesabu. Ni zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa ng'ombe wa elfu hamsini, hao ni zaidi ya 30.

"Si niwatumie picha ya zizi?" mjomba akauliza. Tulicheka, lakini swali lake lina akili. Kwetu zizi ndilo benki. Shida ni kwamba benki hiyo haitoi stetimenti, na kiangazi kikija inakonda. Mvua zilipokataa misimu mitano mfululizo, 2020 hadi 2022, ndipo karo yangu ilipodaiwa. Ng'ombe wamebaki mifupa, na mnunuzi pale sokoni aliona kabisa tumebanwa. Wanne wakaenda kwa bei ya mmoja. Chuo nikaacha mwaka wa pili.

Kwa hivyo nilimwambia mjomba vile ningetamani mtu angemwambia mamangu: uza nyasi zikiwa nzuri, usingoje karo ikuite. Harambee ya wiki ya mwisho haifiki milioni. Ukoo wetu una nyumba tano. Kila nyumba itoe ng'ombe watatu kwa mwaka, hela ziingie sako kwa jina la binti siku hiyohiyo, na miaka miwili tunakaribia. Binti mwenyewe afanye biashara ya maembe ya mtoni hadi Malindi, ajazie pesa ya viza, euro 75, na nauli za kwenda ubalozini Nairobi. Ndiyo, hiyo nafasi ya mwaka huu itampita. Ataomba upya.

Na hela zisipite mkononi mwa mtu. Wazazi wa Uasin Gishu walilipia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Ufini na Kanada, na 2023 tukawaona wakiandamana Eldoret wakidai pesa zao.

Mjomba alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Miaka miwili," akasema. "Sawa. Lakini yule mweupe hauzwi."