Protoni iliyopotea ndani ya cheni

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi imenibana, lakini kuna jambo limeninyima usingizi wiki mbili hizi.

Shangazi yangu alikuwa akitafuta ploti, basi nikamwandikia programu ndogo ya kubadilisha vipimo vya urefu. Mita, futi, yadi, maili. Nikaongeza na cheni ya wapima ardhi, ile aliyoibuni Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620: futi 66, viungo 100. Msiicheke. Cheni 10 za mraba ni ekari moja kamili, yaani futi za mraba 43,560, namba ambayo ukiitazama peke yake utadhani mtu aliiota. Tangu 1959 futi ya kimataifa ni mita 0.3048 barabara, kwa hiyo cheni ni mita 20.1168 bila masalio.

Mpwa wangu wa kidato cha nne akachungulia kioo. "Mjomba, na protoni je?"

Sikutaka kuaibika. Nikaweka femtomita, ambayo wanafizikia huiita pia fermi kwa heshima ya Enrico Fermi (bahati nzuri kifupi ni kimoja, fm). Mita moja ina femtomita 1 na sufuri 15. Upana wa protoni ni kama 1.68 hivi. Cheni moja ikatoka femtomita 20,116,800,000,000,000. Safi kabisa!

Kijana akasema niongeze protoni moja. Nikaongeza. Jibu: 20,116,800,000,000,000. Nikaongeza nyingine. Vile vile. Nikazungusha kitanzi mara milioni moja na namba haikusogea hata kidogo.

Hapo nikakumbuka somo nililolala darasani. Namba za desimali za biti 64, ambazo programu nyingi huzitumia, zina biti 53 tu za kushika tarakimu. Hadi 9,007,199,254,740,992 kila namba nzima inapata nafasi yake. Ukipita hapo zinaruka mbili mbili, na ukipita 18,014,398,509,481,984 zinaruka nne nne. Cheni yetu iko huko kwenye nne nne. Ukiongeza 1.68 kompyuta inatafuta nafasi iliyo karibu, inarudi palepale ilipokuwa, na protoni yako imeliwa. Ukizijumlisha kwanza zile milioni moja pembeni, ndipo uziongeze kwa cheni, zinaonekana. Mpangilio wa hesabu unabadilisha jibu!

Nikahamia namba nzima za biti 64. Hizo hazili kitu, lakini zinajaa kwenye cheni 458, yaani kilomita 9 na kitu. Mwishowe nikatumia namba nzima zisizo na kikomo, kama za Python, na kuweka cheni kuwa 201168 mara kumi kwa kipeo cha 11. Sasa protoni hazipotei, mradi vipimo niviandike kwa sehemu ndogo za femtomita.

Nikiwa katika furaha hiyo shangazi akapiga simu. Dalali alikuwa amemwambia ploti ni thumuni ya ekari, futi 50 kwa 100, na kesho yake alitakiwa kupeleka malipo ya kwanza kutoka akiba yake ya chama. Nikafungua programu, nikagawa 43,560 kwa 8. Ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000.

Futi za mraba 445 ni kama mita za mraba 41. Hapo unajenga chumba na jikoni, na bado pa kuanika nguo papo. Mimi nilikuwa siku tatu natafuta protoni.

"Kwani mwanangu, hiyo mashine yako haikuwa imeona hilo tangu mwanzo?" aliniuliza. Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimeweka eneo, nilikuwa nimeweka urefu tu.

Kesho yake alikwenda na futi ya kupimia badala ya pesa. Wameanza upya mazungumzo ya bei. Nami naongeza ukurasa wa ekari na hekta. Kama kwenu kuna cheni ya zamani ya chuma, nipigieni picha jamani, sijawahi kuishika hata moja.