Ushuhuda Wangu Hauna Ghafla

Makanisani kwetu Bukavu, ushuhuda unaopigiwa vigelegele ni ule wa ghafla: mgonjwa kainuka, deni limefutwa, kazi imepatikana bila barua wala mjomba. Wangu hauna hata dakika moja ya namna hiyo, na ndiyo maana nimechelewa kuutoa. Nautoa leo kwa sababu mimi ni mwalimu wa biolojia, na shida ilinikuta katikati ya somo ambalo wanafunzi hulibishania kuliko yote: viumbe duniani vilitokea polepole, au kwa mabadiliko ya ghafla?

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, watu wengi wakiwa ibadani, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga pande zetu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, huko Rwanda, waliokufa walikuwa wengi zaidi, baadhi yao kanisani. Kwangu Kadutu, hapa Bukavu, ukuta wa chumba cha watoto uliangukia ndani, na binti yangu akavunjika mguu. Baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Tulilala nje chini ya turubai, maana ardhi ilirudia kutikisika na hakuna aliyethubutu kuingia ndani.

"Mama, Mungu amepiga mara moja," jirani aliniambia huku akinisaidia kuokota masufuria.

Nilimheshimu, sikumjibu. Ukuta ule nilikuwa naujua. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha, ukashuka kwa mshazari hadi usawa wa kitanda; sisimizi walipita humo kama wenye njia yao. Mwenye nyumba aliuziba kwa saruji, akapaka rangi juu, akapandisha kodi. Kila masika ulifunguka tena. Siku ya tetemeko, matofali yaliachana kwenye mstari uleule. Na chini ya nyumba kulikuwa na ufa mkubwa zaidi: Bonde la Ufa, ambalo kingo zake zinaachana milimita chache kwa mwaka. Mwamba unavumilia, unavumilia, kisha siku moja unakatika. Sasa hiyo tuiite ghafla au polepole?

Shule zilipofunguliwa, prime, ile nyongeza ambayo wazazi walitulipa walimu, haikuja, kwa kuwa nao walikuwa wanajenga upya kuta zao. Jioni niliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Nilikuwa nanunua kwa wavuvi waliotoka ziwani alfajiri, wale wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja na kuvua kwa taa usiku kucha huku wakiimba, kisha nawaanika samaki hao. Mwanafunzi mmoja aliniona sokoni, na kesho yake akaniuliza mbele ya darasa zima: "Madamu, sasa ni polepole ao ni mara moja?" Walicheka. Nilijua swali halikuwa la biolojia peke yake.

Nilimjibu kwa ziwa letu la Kivu. Zamani maji ya huku yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda, na miaka takriban 10,000 iliyopita yakapata upenyo kusini: ndiyo Ruzizi, inayomwagika Ziwa Tanganyika. Ndani ya ziwa hilo wapo samaki wadogo wa jamii ya sato, aina zipatazo 15, ambao hawapatikani kwingine. Sambaza wenyewe ni wageni. Wabelgiji waliwaleta kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Bukavu nzima inawala utadhani walikuwapo tangu Nuhu.

Kisha nikawapeleka Turkana, Kenya. Mwaka 1981 mtafiti Peter Williamson alitangaza alichokiona katika matabaka ya konokono wa kale: maumbo yanakaa bila kubadilika kwa muda mrefu sana, halafu yanageuka kwa kipindi kifupi, kati ya miaka 5,000 na 50,000. Wafuasi wa Stephen Jay Gould na Niles Eldredge, wanasayansi wawili waliotoa hoja ya mabadiliko ya kishindo mwaka 1972, walifurahi. Wengine walipinga. Baadaye nilisoma kwamba mwaka uleule wa tetemeko letu Bert Van Bocxlaer na wenzake waliyapitia upya madai hayo, wakasema wengi wa hao konokono "wapya" walikuwa wahamiaji kutoka maji mengine. Mabishano bado ni moto.

Lakini miaka 5,000! Hiyo ndiyo ghafla ya wenye kusoma miamba. Mbele ya zaidi ya miaka bilioni 3 ya uhai, ni kufumba na kufumbua; mbele ya konokono, ni vizazi kwa maelfu, kila kimoja kikitafuta chakula chake cha siku. Niliposimama ubaoni nikiandika tarakimu hizo, pumzi zilinirudi. Mimi nilikuwa ndani ya ghafla yangu, na ndani yake kila kitu kilikwenda polepole.

Basi ndivyo tulivyopona. Mguu uliunga, lakini vibaya kidogo. Binti alijifunza kupanda ngazi za udongo za Kadutu akitanguliza ule mzima, na sasa anapanda kuliko mimi. Ada zililipwa kwa sambaza, vikombe kwa vikombe. Mchungaji aliniomba nitaje siku Mungu alipojibu. Sina siku hiyo. Naamini alijibu, ila hakuwa na haraka, na sioni kwa nini aliyengojea konokono aharakishe kwangu.

Nawe unayetafuta nyumba Kadutu, Panzi au Bagira: kabla hujatoa garanti ya kodi, sogeza kitanda, angalia ukuta ulio nyuma yake. Rangi ikiwa mpya mahali pamoja tu, uliza kwa nini.