Mbwa anayechechemea asiuawe haraka

Kasungami mbwa si pambo. Usiku, umeme ukikatika, yeye ndiye mlinzi wa lupango, na familia iliyokimbia vita kwao ikapata chumba cha kupanga hulala kidogo kwa amani ikimsikia anabweka. Lakini akianza kuchechemea, shauri la kwanza huwa ni kumfukuza ao kumuua. Ni hukumu ya haraka mno.

Mara nyingine ubaya uko kwenye nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri ndani ya tundu lake, kiungo kinalegea, kinasagika, kinauma. Mbwa wakubwa kama berger allemand na rottweiler hurithi udhaifu huo. Utamwona anaamka kwa shida asubuhi, ao anakimbia akirusha miguu ya nyuma pamoja kama sungura.

Kumfunga mnyororo siku nzima kunamharibu zaidi, kwa sababu misuli inayoshika nyonga inakonda. Atembezwe polepole, akiwa na kamba, dakika chache mara mbili ao tatu kwa siku, pasipo kuruka wala kukimbizana na watoto. Kabla ya kutembea, kitambaa cha maji ya vuguvugu kiwekwe kwenye nyonga dakika 10 hivi. Kisha mguu ukunjwe na kunyooshwa taratibu. Akivuta mguu ao akinguruma, acheni, maana mbwa mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Sakafu ya sima inateleza: tandikeni magunia, zaidi mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaza.

Na bukari ipunguzwe. Huko Marekani, Labrador 48 walifuatwa maisha yao yote. Waliolishwa robo pungufu waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Mbwa mnene anabebesha nyonga mbovu mzigo wa bure.

Jambo la hatari ni dawa za watu. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa kila kona, zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Dawa ya maumivu iandikwe na daktari wa wanyama. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kinachowafundisha. Mbwa akishindwa kabisa kusimama, ao mkojo ukimtoka wenyewe, asingojee mazoezi: hapo shida inaweza kuwa kwenye uti wa mgongo, apelekwe siku ileile.