Barua kwa Mpwa Anayetafuta Nyumba Kabambare

Kasongo, mwezi wa kumi

Mpwa wangu,

Huku hatujambo, bibi yako bado anakohoa lakini anakula. Ujumbe wako nimeupata: komisyonere amekupatia nyumba tatu na unataka kwenda kuziona wiki hii. Vizuri, ila usitangulie na yeye. Yule hulipwa ukinunua, ukikataa halipwi.

Nenda kwanza peke yako, mvua ikishanyesha, na mwezi huu mvua hazikosi. Simama uwanjani uangalie maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Yakiwa yamechimba mfereji chini ya msingi, ujue msingi huo utakula pesa zako. Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango na madirisha, kisha inua macho: bati lililotoboka litajisema lenyewe. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, chini karibu na sakafu. Nyumba nyingi za kwetu ni matofali mabichi yaliyopigwa simenti juu. Ukisikia mlio wa mtungi mtupu, simenti imeachana na udongo, na hapo nyuma mchwa hupenda kukaa. Fuata njia zao mpaka kwenye mbao za paa. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, uliza kwa nini. Choo na kisima, tazama kipi kiko juu ya mteremko.

Hayo fundi atayatengeneza. Ya watu hayana fundi.

Wengi hudhani wananunua ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuukalia, hata milele, na anayetambuliwa kikamilifu na sheria ni mwenye sertifika ya kuandikishwa. Sasa Kabambare utaonyeshwa nini? Mara nyingi karatasi ya daftari la shule, sahihi ya shefu na alama mbili za dole gumba. Usiidharau, ndiyo iliyopo. Ila chukua majina yaliyomo uwatembelee wenyewe, mmoja mmoja. Majirani wa pande zote wazunguke nawe mpaka, wakuonyeshe ni mwembe gani, ni minyaa ipi. Jirani akinyamaza mahali, simama hapo hapo umsubiri aseme.

Muuzaji akiwa na mke, mke aulizwe mbele yako. Sheria ya familia ya 1987 inataka wote wawili wakubali ndipo nyumba iuzwe. Na mwenye nyumba akiwa amekufa, watoto wake ndio warithi wa kwanza, hata wale wa nje aliowatambua. Hapa Kasongo nimemwona mtu amenunua kwa mjane, akapaka chokaa, akapanda maua. Watoto wa ndoa ya kwanza wakaja kutoka Kindu na mizigo yao, wakaiteremsha barazani.

Hiyo nyumba ya pili, ya bei ya chini, ndiyo inayonikosesha usingizi. Unasema mwenyewe yuko Kalemie tangu fujo za Salamabila na mdogo wake ndiye anayeuza. Mpwa wangu, mtu aliyekimbia hajauza, amekimbia tu. Mpigie simu, lakini namba usiipokee kwa huyo mdogo, iombe kwa jirani. Muulize ni nani aliyechimba kisima cha hapo na mwaka gani, halafu kamuulize jirani hilo hilo.

Pia acha kuvaa ile saa. Unanuka dhahabu ya mgodi wa Namoya hata ukiwa umeoga, na bei inapanda kabla hujapewa kiti. Muuzaji akidai avansi eti kuna mwingine anaitaka, mwambie ampe huyo mwingine. Siku ya kulipa pesa zihesabiwe mezani, mbele ya shefu na mashahidi wa pande mbili, na kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake.

Nitakuja na lori la chumvi njia ikipitika. Kabla sijafika, niulizie jina la shefu wa kule kwenye nyumba ya tatu. Kama ni wa ukoo ule wa ng'ambo ya mto, babu yake na babu yetu waligombania shamba, na ni afadhali mimi nitangulie kumsalimu.

Mjomba wako