Kanzu Tatu za Idi

Mwezi ulikuwa 28 Ramadhani, nami nilitoka nyumbani na karatasi mkononi. Kila mama mwenye nyumba anaijua karatasi ya namna hiyo: mchele wa biriani, samli, tambi, iliki, zabibu, hina ya wasichana, leso za mama mkwe, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, KANZU. Neno hilo nilikuwa nimelipigia mistari miwili, kwa sababu kanzu za wanangu watatu zilikuwa kwa shoga yangu tangu mwanzo wa Shaaban, na hadi siku ile sikuwa nimepata kwake jibu la kueleweka.

Marikiti siku hizo haiendeki. Mtu husukumwa mpaka akajikuta mbele ya duka asilolikusudia, na asipokuwa mwangalifu hununua. Muuza viungo alinipimia iliki huku akijibizana na wateja wengine wawili, na alipotaja bei nilimuuliza mara ya pili, nikidhani sikusikia vyema. Nilikuwa nimesikia. Kutoka hapo nikaenda kununua mchele wa zakatul-fitri. Marehemu bibi yangu alikuwa akiipima kwa pishi, vibaba vinne kwa kila kichwa, hata kitoto cha mgongoni kikapimiwa chake. Sisi nyumbani tu watu 6, nami hununua kilo 18, kilo 3 kwa kila mtu, nisibaki na shaka. Mchele ule sharti uwafikie wenyewe kabla ya swala ya Idi, maana ukichelewa huwa ni sadaka kama sadaka nyingine, basi nikampa hamali aupeleke siku ile ile kwa niliowakusudia.

Kwenye Barabara ya Biashara nilisimama muda mrefu nikisoma majina ya leso. Kila jina lililonipendeza lilikuwa na kijembe ndani yake, na leso ya mama mkwe haichaguliwi kwa rangi peke yake. Nikatoka mikono mitupu. Nikapanda tuktuk kwenda Kibokoni, na njiani nikamwandikia shoga yangu ujumbe wa saba: “Niko njiani. Kanzu ziwe tayari, tafadhali.”

Binti yake alinifungulia mlango, akaniamkia shikamoo kisha akarudi upesi chumba cha ndani. Shoga yangu alikuwa kwenye cherehani, vitambaa vimemzunguka hadi magotini, na ukutani zimetundikwa juba na kanzu za watu, kila moja na karatasi ya jina. Hakuinua kichwa.

“Zako zimebaki pindo na vifungo. Keti.”

“Siketi, shoga. Tuktuk yaningoja nje.”

Mara kikasikika kishindo cha kikombe kuanguka ndani. Akainuka, akaniambia niwie radhi, akaenda. Nikamsikia akisema na mtu kwa sauti ya upole, kama asemavyo mtu na mtoto mdogo. Aliporudi nilimuuliza nani mgonjwa.

“Mama. Alipatwa na kiharusi katikati ya Shaaban. Upande wa kulia wote hauna nguvu, na maneno hayatoki sawa.”

“Mbona hukuniambia?”

Alikuwa akitia uzi kwenye sindano, na hakunijibu mpaka ulipopita tunduni. “Kila ulipoandika, uliuliza kanzu.”

Aliyasema bila hasira. Angekasirika ningepata la kujitetea. Nikafungua simu, nikasoma jumbe zetu tangu mwanzo. Katika ule wa tatu alikuwa ameniandikia: “Niombee dua, mambo ni mengi.” Nami nilimjibu: “Amin. Zitakuwa tayari Ijumaa?”

Ramadhani nzima nilikuwa nikipeleka sahani za futari kwa majirani wa kulia na wa kushoto, nami moyoni nikijiona nimetimiza. Wanangu nimewafundisha haki za Mwislamu juu ya mwenziwe, nao huzitaja kwa vidole: kuitikia salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, kumwombea rehema apigaye chafya. Tangu Shaaban nilipita karibu na mlango ule sijui mara ngapi.

Na mgonjwa mwenyewe si mtu wa mbali. Ni yeye aliyetufundisha mimi na bintiye kushona, tukiwa wasichana wa miaka 10, kwenye cherehani yake ya mkono. Ushonaji ule leo unamlisha shoga yangu na watoto wake, mimi niliuacha.

Nilitoka nikamlipa mwenye tuktuk, nikamwambia aende. Nikampigia mume wangu kwamba futari yao ni ile iliyomo jikoni. Kisha nikachukua kanzu ya kwanza pamoja na sindano, nikaingia ndani, nikambusu bibi mkono, nikaketi kando ya kitanda chake kupiga pindo. Hakusema kitu, akawa ananitazama tu. Nilipokaribia kumaliza alinyosha mkono wake wa kushoto, akalipapasa pindo polepole kwa kidole gumba, shubiri kwa shubiri, mpaka akafika mahali akasimama. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani.

“Fumua,” akasema. Neno lilitoka zito, lakini lilieleweka mpaka chumba cha pili, maana nilimsikia shoga yangu akicheka, na cherehani ikanyamaza kidogo.

Nikafumua.

Magharibi tulifuturu pamoja kwa tende na uji wa mchele, naye akimlisha mamake kijiko baada ya kijiko kabla hajaonja chake. Niliondoka baada ya isha na kanzu mbili. Ya tatu nilitia vifungo mwenyewe nyumbani, usiku wa kuamkia Idi, na kifungo kimoja kilikuwa kimepanda juu kuliko vyenzake. Mwanangu wa mwisho aliswali nayo hivyo hivyo. Mama mkwe nilimpa leso niliyokuwa nimejiwekea mwenyewe, akalisoma jina lake mara mbili, akanishukuru.

Siku ya pili ya Idi nilirudi Kibokoni na sufuria ya biriani. Nikakaa na bibi chumbani, na shoga yangu akalala tangu adhuhuri hadi alasiri, mlango wa nje tumeufunga kwa komeo.