Land Rover ya Misheni na Wazee wa Gereji

Likizo ya frateri ina kazi zake ambazo hazifundishwi darasani. Likizo iliyopita paroko wangu alinipa daftari na kalamu, akaniambia nihesabu mali ya parokia kabla ya mkutano wa halmashauri ya walei. Nikahesabu mabenchi, masufuria, vinanda viwili (kimoja kinalia hata usipokigusa), mabati yaliyobaki ya kigango, na mwisho kabisa, kwenye uwanja tambarare nyuma ya ghala, pikapu ya Land Rover mia na tisa ambayo haijatembea kwa miaka mingi. Kuku wanataga ndani yake. Paroko akasema, "Hiyo kaulizie bei ya chuma chakavu mjini, halafu uandike barua ya kupendekeza iuzwe."

Kazi hiyo niliipokea kwa furaha kuliko nilivyomwonyesha. Barua niliiandika usiku uleule, nikaacha nafasi ya kujaza bei tu. Sentensi yake moja ilisema: "Gari hili halijawa na faida yoyote kwa parokia." Nilikuwa na sababu yangu, nitaieleza mbele.

Kesho yake nikapanda basi dogo la barabara ya Pangani hadi Tanga mjini. Nilielekezwa kwa fundi mmoja pale Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nilitegemea kukuta gereji. Nilikuta gereji na baraza pamoja. Chini ya mwembe kuna kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye Peugeot 504, kimewekwa juu ya matofali, na hapo wazee hukaa tangu baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi. Muuza kahawa anapita na birika lake na kashata. Nikatoa shikamoo, nikapokewa, nikapewa kikombe, na niliposema nina mia na tisa ya kuuza, hata fundi aliyekuwa chini ya gari akajivuta nje.

"Taa zake ziko wapi?" akauliza mzee wa kwanza. "Katikati au mabegani?"

Sikujua. Gari nimelipita tangu utotoni, na sikuwahi kuangalia taa zake zimekaa wapi. Wakanicheka bila ubaya, wakanieleza: za zamani zaidi taa zimebanana katikati, karibu na rejeta, kama macho ya mtu anayesoma bila miwani; zilizofuata taa zimehamia kwenye mabawa ya mbele. Mia na tisa ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Na kama bodi yake bado imesimama, akasema fundi, shukuru vita. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo kule Uingereza baada ya vita, hivyo wakaunda bodi ya aluminiamu. Kwa watu wa pwani hiyo ni bahati nusu. Chumvi ya bahari haili aluminiamu haraka, lakini chesisi ni chuma, na chumvi huila kutoka ndani. "Utaona gari linang'aa," akasema, "kumbe mgongo umekwisha."

Nilikusudia kukaa robo saa. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi.

Fundi alikuwa na picha kwenye simu, za lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, ambako wenye magari hayo walikusanyika ili kuvunja rekodi ya dunia ya msafara. Picha zikazunguka mkono kwa mkono. Kulikuwa na pikapu iliyokatwa paa, nyingine imepakwa rangi ya machungwa na kuvishwa matairi yanayofika kiunoni mwa mtu, nyingine ina mkonga wa kuvutia hewa juu ya kioo. Nyingine ilikuwa imefungwa injini ya Toyota, ile 1HZ, na hapo baraza likagawanyika. Kijana mmoja fundi wa umeme akasema hiyo ndiyo akili, gari linabaki na sura yake na spea zinapatikana kila duka. Mzee wa kofia nyeupe, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema kitu, akajibu: "Hiyo ni Toyota iliyoazima kanzu." Wakacheka, lakini ubishi haukuisha.

Ukahamia kwenye Peugeot 404. Mmoja wao anasema aliiona kwa macho yake akiwa mtoto, Korogwe, ikipita kwenye mashindano ya Safari, imejaa tope mpaka namba haisomeki. Kila mtu alijua kwamba Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda Safari kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967. Mwingine akamtetea Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Hilo walilipenda sana, gari la mkono wa pili kuwashinda wenye magari mapya. Kutoka hapo tukaenda kwenye Nyumbu, lori lililobuniwa Kibaha, na Nyayo ya Kenya, ile iliyoagizwa na Rais Moi mwaka 1986, yakatengenezwa magari matano, kisha basi. Mzee mmoja alisikitika juu ya Nyayo kama mtu anayesikitikia mpwa wake.

Nilichokigundua polepole ni kwamba katika watu wale saba hakuna aliyekuwa na gari. Fundi ana pikipiki. Wengine walikuja kwa miguu. Naomba nikiri hapa kwamba sisi mafrateri nasi tunazungumza magari, tena sana, tusidanganyane. Ila yetu ni mazungumzo ya gari tutakalopewa siku ya upadrisho, na kama litakuwa jipya kuliko la mwenzetu. Wale wazee walizungumzia magari ambayo hawatayapata kamwe, na waliyajua mpaka bolti.

Basi wakarudi kwenye langu. Petroli au dizeli? Hilo nililijua: dizeli. Fundi akatikisa kichwa. Ya petroli, stata ikifa, unachomeka hendeli mbele unazungusha kwa mkono. Dizeli ile inabana hewa mara ishirini na tatu, hakuna mkono wa kuizungusha. Lakini ina utajiri wake. Pampu yake haihitaji umeme, na kwa joto la pwani yetu, ikishazungushwa tu inawaka, hata betri iwe imekufa.

"Kwa hiyo stata ikifa unafanyaje?" nikauliza.

"Unatafuta mteremko," akasema mzee wa kofia nyeupe.

Hapa nieleze sababu yangu.

Seminarini tulisimuliwa habari ya Padre Paul Schulte, Mjerumani, aliyeanzisha shirika la MIVA mwaka 1927 ili kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Rafiki yake mmisionari alikuwa amefariki miaka miwili kabla, katika nchi ambayo leo ni Namibia, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha kwa daktari mapema. Wenzangu darasani waliguswa na habari hiyo. Mimi nilikasirika, na nilijua kwa nini. Sisi chombo tulikuwa nacho.

Januari 1998, katika zile mvua za El Nino, dada yangu wa miaka saba alishikwa na malaria ya kichwani. Baba alimbeba usiku hadi misheni ili apelekwe Bombo. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikaburutwa nyuma kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Ninachokumbuka ni koroboi kwenye ukingo wa ghala, mvua, na sauti za wanaume wakihesabu moja, mbili, tatu, kisha kimya, kisha tena moja, mbili, tatu. Gari halikuwaka. Baba akamfunga dada mgongoni kwa kanga mbili, akapanda baiskeli ya katekista. Barabara ya Pangani wakati ule haikuwa na lami, ilikuwa tope tupu. Alirudi asubuhi akiisukuma baiskeli. Mama, mpaka leo, husema hivi tu: "Gari la misheni lilitukataa."

Ndiyo maana nilipoambiwa liuzwe kwa kilo sikuhuzunika.

Mzee wa kofia aliendelea, akitazama kikombe chake. "Lile la misheni nililiendesha miaka kumi na moja. Stata yake ilikufa mwaka 1997, spea hakuna, fedha hakuna. Tukaishi kwa mteremko. Kila jioni naliegesha mbele ya kanisa, pua inatazama barabara, jiwe chini ya tairi. Akija mgonjwa usiku, unatoa jiwe, unatia gia ya pili, na kabla hujafika kwenye mkorosho unaachia klachi. Halikunitupa hata siku moja."

Fundi aliacha kufuta spana yake.

"Siku ile nilileta saruji. Nikaliingiza nyuma ya ghala, pale tambarare, mifuko isilowe. Ilikuwa Ramadhani, jua limezama, nami sijafuturu. Nikasema nitalitoa alfajiri. Saa nane ya usiku nikagongewa mlango. Tulisukuma watu saba. Na dizeli kwenye tope, frateri, ukiachia klachi injini inakaza, magurudumu ya nyuma yanateleza tu, hayazunguki. Tulisukuma mpaka mtu mmoja akaanguka." Akanyamaza kidogo. "Gari lilikuwa zima. Ni mimi niliyeliweka mahali pabaya."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, kama anajua mimi ni nani.

"Nilikujua ulipotoa shikamoo," akasema. "Una sauti ya baba yako."

Sikumjibu chochote. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya sakramenti ya upatanisho, nimeandika hata insha iliyopata alama nzuri, lakini pale sikupata neno. Muadhini akaadhini, wazee wakainuka kwenda kutawadha, naye akainuka pamoja nao. Fundi akanisindikiza mpaka barabarani akaniambia kwamba magari yale yana bei mbili, ya kilo na ya mtu mwenye mapenzi, na kwamba watakuja Jumamosi kuliangalia kabla hajanitajia hata moja.

Walikuja wanne, kwa bajaji moja. Fundi akawatoa kuku, akalala chini, akagonga chesisi kwa nyundo kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele ililia kama kengele. Chini ya bodi, karibu na springi za nyuma, ikatoa sauti ya mbao, na nyundo ikaingia. Akasema inashoneka, ila si kazi ya siku moja. Injini haikuwa imegandana. Akamwaga dizeli ya zamani, akatia mpya lita tano aliyokuja nayo, akatoa hewa kwenye pampu. Kisha akasema tulisukume hadi mbele ya kanisa tujaribu.

Tulisukuma saba tena, pamoja na katekista, mlinzi na mimi. Mzee ndiye aliyeshika usukani. Kutoka nyuma ya ghala mpaka mbele ya kanisa ni mwendo mfupi, labda hatua sitini, na ardhi ilikuwa kavu. Nilihesabu mimi moja, mbili, tatu, kwa sababu hakuna mwingine aliyehesabu. Lilipofika juu aliligeuza pua kuelekea barabarani, akashuka, akatafuta jiwe, akaliweka chini ya tairi. Akalitazama. Kisha akalitoa.

Halikuwaka. Lilipita alipopanda ule mkorosho, ambao siku hizi ni kisiki, likatoa moshi mweupe mara mbili, likakohoa, likaenda kusimama langoni. Fundi anasema ni nozeli. Amenipa zile bei mbili nikaziandika zote kwenye barua, na ile sentensi ya faida nimeifuta. Paroko bado anaegemea ile ya kilo, na simlaumu, paa la kigango linavuja. Halmashauri itakaa nikiwa nimesharudi seminarini.

Wakati wenzake wakinawa mikono bombani, mzee alinifuata mpaka kwenye mlango wa sakristia. Aliuliza kaburi liko upande gani. Nikampeleka.